Macho ya Msafara

Mtu anayekwenda kutazama mbio za Tour de France husimama kando ya barabara tangu asubuhi. Amekuja na kiti, mwavuli, chakula na watoto. Saa zinapita, jua linamwakia. Kwanza hupita magari ya matangazo yakirusha kofia na pipi, kisha pikipiki za polisi, kisha helikopta inasikika juu ya miti. Halafu msafara unatokea kwenye kona: baiskeli zaidi ya 150 zimebanana, minyororo inalia kama mvua juu ya bati, upepo unampiga usoni, na kabla hajamtambua hata mmoja, wamekwishapita. Nani anaongoza, nani ameanguka, nani ameishiwa pumzi mlimani kilomita 60 nyuma, hajui. Atajua jioni, akisimuliwa.

Hapo ndipo mbio za baiskeli zinapoachana na mpira wa miguu. Uwanjani, bao likifungwa, maelfu wameliona, na mwandishi akilieleza vibaya kesho yake atasutwa hadi na muuza karanga. Barabarani hakuna aliyeiona siku nzima. Hata mwendesha baiskeli mwenyewe anajua tu kilichotokea karibu na gurudumu lake. Anayeokota vipande vya siku hiyo na kuvifanya hadithi yenye mwanzo na mwisho ni mwandishi aliyeketi ndani ya gari la nyuma, na siku hizi mtangazaji aliye mbele ya picha za kamera. Kwa hiyo uaminifu wake ni jambo zito kuliko adabu ya kazi. Yeye akifumba macho, nchi nzima imefumba.

Nimelifuatilia suala hili kupitia waandishi wa baiskeli wa Ujerumani. Kwa zaidi ya miaka 100, karibu kila namna ambayo mwandishi anaweza kusogeleana na mchezo imepitiwa nchini humo, na kila namna imeacha makovu yanayoonekana.

Tuanze na ukweli ambao mara nyingi husahaulika: katika baiskeli, gazeti halikuufuata mchezo. Gazeti ndilo lililouzaa. Mwaka 1891 Le Petit Journal la Ufaransa liliandaa mbio za kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Mwaka 1903 gazeti la L'Auto, lililokuwa likipigania wasomaji na mpinzani wake Le Vélo, likaanzisha Tour de France. Washindani 60 waliondoka, na kijana wa gazeti hilo, Géo Lefèvre, ambaye ndiye aliyetoa wazo, aliwafuata kwa treni na kwa baiskeli yake ili apate cha kuandika. Mwandishi alikuwa mwanzilishi, mwamuzi na msimulizi kwa wakati mmoja. Nani angemuuliza kama alichokiandika ni kweli?

Kwa Wajerumani, safari iliyowasha moto ilikuwa ya kutoka Vienna hadi Berlin, mwaka 1893, kilomita zipatazo 580. Josef Fischer wa Munich aliimaliza kwa takriban saa 31. Mwaka mmoja kabla, maofisa wa jeshi walikuwa wameshindana kwa farasi kati ya miji hiyo hiyo. Aliyekuwa wa kwanza alitumia zaidi ya saa 71, na farasi wengi walikufa. Ukiziweka hesabu hizo mbili kando kando unaelewa kwa nini watu walianza kununua magazeti ya baiskeli kama mkate. Fischer huyo huyo ndiye aliyeshinda mbio za kwanza kabisa za Paris–Roubaix, mwaka 1896. Ilibidi Wajerumani wangoje hadi 2015 ndipo mwenzao mwingine, John Degenkolb, azishinde tena.

Berlin ilikuwa na gazeti la baiskeli la kila siku, Rad-Welt, na jina linaloambatana na gazeti hilo kuliko mengine ni la Fredy Budzinski. Alizaliwa mwaka 1879 na kufariki mwaka 1970. Hebu fikiria umri huo: alipokuwa mtoto baiskeli yenye gurudumu kubwa mbele ilikuwa bado barabarani, na alipokufa Eddy Merckx alikuwa amekwisha kushinda Tour de France. Katikati hapo kulikuwa na Kaisari, jamhuri, Wanazi, vita viwili, na mji wake ukakatwa vipande. Budzinski aliandika matokeo, akaandika maisha ya waendeshaji kama Thaddäus Robl na Walter Rütt, na zaidi ya yote alitunza. Picha, orodha, vijitabu, vipande vya magazeti. Mkusanyo wake leo uko katika maktaba kuu ya sayansi ya michezo mjini Köln, na mtu anayetaka kujua nani alikimbia wapi Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita ni vigumu asimpitie yeye.

Huyu ni mwandishi wa namna ya kwanza: mpenzi wa mchezo. Na mapenzi yake hayakuishia kwenye karatasi. Anatajwa kuwa ndiye aliyebuni utaratibu wa pointi katika mbio za siku sita, ule uliokuja kuitwa hesabu ya Berlin. Inafaa nieleze mbio hizo. Huko New York zamani mtu mmoja alizunguka peke yake kwa siku sita mpaka akaanza kuona vitu visivyokuwapo. Sheria ilipokataza mtu kuendesha zaidi ya saa 12 kwa siku, waandaaji wakawaweka wawili wawili, mmoja akipumzika mwenzake yuko njiani. Mtindo huo ulifika Berlin Machi 1909, katika kumbi za maonyesho karibu na bustani ya wanyama, na Wamarekani Floyd MacFarland na Jimmy Moran wakashinda. Tatizo lilikuwa saa za usiku. Jozi kadhaa zikiwa na mizunguko sawa, hakuna anayetaka kujichosha, wote wanajivuta polepole, na watazamaji wanasinzia. Pointi zilikata fundo hilo. Kwa vipindi maalumu, kengele inalia, watu wanafyatuka, na kila pointi inahesabiwa mwishoni kama mizunguko ni sawa. Mwenye penseli mezani alikuwa ameubadilisha mchezo wenyewe.

Ukumbi wa Sportpalast ulipochukua mbio hizo, zikawa sherehe ya mji. Moshi wa sigara ulitanda chini ya dari kama ukungu wa alfajiri. Katikati ya njia ya mbao walikaa matajiri na chupa zao, na juu kabisa, kwenye viti vya bei nafuu, walijazana wafanyakazi wa viwandani. Huko juu alikuwako mtu mwenye mguu mmoja, Reinhold Habisch, ambaye Berlin nzima ilimwita Krücke, yaani gongo, na ambaye kila bendi ilipopiga ule waltz wa ukumbi huo alipiga mbinja nne kwa vidole, na ukumbi wote ukamwitikia. Kando ya njia vilikuwapo vibanda vya kulala, na waendeshaji walilala humo saa chache wakiwa na soksi miguuni na mafuta ya kuchua yananuka hadi jukwaani.

Egon Erwin Kisch, mzaliwa wa Prague aliyekuwa miongoni mwa waandishi mahiri wa lugha ya Kijerumani, aliingia humo miaka ya 1920 na kuona kitu kingine kabisa. Yeye hakuhesabu pointi. Aliona watu wanaokanyaga usiku na mchana bila kufika popote, na mji unaolipa kiingilio kuwatazama. Makala yake, Elliptische Tretmühle, inasomwa hadi leo na watu wasioijua hata baiskeli. Nikiwaweka Kisch na Budzinski pamoja, siwezi kusema mmoja alikosea. Kisch alikuja kwa usiku mmoja, akaondoka na ukweli mkubwa. Budzinski alibaki miaka 60, akaondoka na ukweli mdogo mdogo elfu kumi, ambao bila yeye ungepotea. Ila mgeni aliweza kuuliza swali ambalo mwenyeji halimjii: kwa nini tunafanya hivi?

Na swali hilo lilihitajika. Kulikuwa na mbio za kufuata pikipiki, ambapo mwendeshaji hujibana nyuma ya pikipiki kubwa inayomkatia upepo, kwa mwendo ambao tairi ikipasuka mtu ameondoka. Watu walikufa mwaka hadi mwaka, na viwanja vilizidi kujaa. Tarehe 18 Julai 1909, mjini Berlin, katika uwanja uliojengwa kwenye bustani ya zamani ya mimea, pikipiki moja iliruka ukingo ikaangukia jukwaani, petroli ikalipuka. Watu 9 walikufa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Robl, bingwa wa dunia wa mbio hizo mwaka 1901 na 1902, aliyenusurika viwanjani miaka yote hiyo, alikufa Juni 1910 akirusha ndege mbele ya watazamaji mjini Stettin. Magazeti ya baiskeli yaliomboleza kwa dhati. Lakini yalikuwa yakiishi kwa mbio hizo hizo, na mtu anayekula mezani hapo hawi mwepesi wa kusema meza ivunjwe.

Halafu wakaja Wanazi, na hapa mwandishi wa baiskeli aliwekwa kwenye mizani ya namna nyingine. Sheria ya wahariri ya Oktoba 1933 iliwatoa Wayahudi katika kazi ya uandishi na kumfanya kila aliyebaki kuwa mtumishi wa dola. Kinachonisumbua zaidi katika historia hii yote ni kisa cha Albert Richter.

Richter alikuwa kijana wa Köln, aliyezaliwa mwaka 1912, bingwa wa dunia wa mbio fupi kwa wasiolipwa mwaka 1932 mjini Roma, na kuanzia mwaka uliofuata bingwa wa Ujerumani wa wanaolipwa kwa miaka 7 mfululizo. Meneja wake, Ernst Berliner, alikuwa Myahudi. Richter alikataa kuachana naye hata baada ya Berliner kukimbilia Uholanzi mwaka 1937. Hakupenda kuvaa jezi yenye swastika. Iko picha ya mwaka 1934 ambamo wote waliomzunguka wameinua mkono kwa saluti ya Kinazi na yeye amesimama mikono chini, kana kwamba hajasikia amri. Desemba 1939, vita vikiwa vimeanza, alishinda mbio zake za mwisho Berlin, kisha akapanda treni kwenda Uswisi. Mpakani Weil am Rhein, tarehe 31 Desemba, maofisa waliikata tairi ya baiskeli yake na kukuta mark 12,700, fedha za Myahudi mmoja aliyekuwa amekimbia nchi. Tarehe 2 Januari 1940 alikuwa maiti katika jela ya Lörrach. Maelezo yaliyotolewa yaligeuka geuka: mara ajali ya kuteleza kwenye theluji, mara amejinyonga. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Na magazeti je? Jarida la chama cha baiskeli, Der Deutsche Radfahrer, liliandika kwamba kwa kitendo hicho Richter ametenda kosa kubwa na jina lake limefutwa katika safu zao kwa nyakati zote. Kumbuka mtu huyu alikuwa nani. Kwa miaka 7 walikuwa wamemwandika kila wiki, wamezihesabu mbio zake, wameuza magazeti kwa picha yake. Ilitosha sentensi moja.

Kufuta huko kulishika. Baada ya vita Berliner alijaribu kutaka kifo hicho kichunguzwe na akagonga ukuta. Wenzake wa zamani hawakupenda kuulizwa nani alitoa habari kwa polisi wa mpakani. Hadi filamu ya Raimund Weber na Tillmann Scholl mwishoni mwa miaka ya 1980, na kitabu cha Renate Franz, Der vergessene Weltmeister, kilichotoka mwaka 1998, ndipo Richter alipoanza kurudi. Franz hakumwona Richter akikimbia hata siku moja. Alifanya kazi ambayo waandishi waliomwona walipaswa kuifanya: kutafuta makaratasi, kuuliza wazee kabla hawajafa, kuweka tarehe mahali pake. Kwangu mimi huo ndio uandishi wa baiskeli uliotukuka kuliko wote uliotoka Ujerumani, na hauna hata mstari mmoja kuhusu nani ameshinda jana.

Upande wa mashariki, baada ya nchi kugawanyika, gazeti lilirudi kuwa mzazi wa mbio. Friedensfahrt, Mbio za Amani, zilianzishwa mwaka 1948 na magazeti ya vyama vya Prague na Warsaw, na Neues Deutschland la Berlin Mashariki likajiunga mwaka 1952. Gustav-Adolf Schur, ambaye kila mtu alimwita Täve, alizishinda mwaka 1955 na 1959, na wasomaji wa gazeti la vijana walimchagua mwanamichezo wa mwaka mara 9 mfululizo. Mapenzi ya watu kwa Täve yalikuwa ya kweli, na yapo hadi leo. Lakini gazeti lililoandaa mbio lilikuwa la chama kinachotawala, na mkuu wake wa michezo kwa miongo, Klaus Huhn, baadaye alibainika kuwa alikuwa pia mtoa habari wa usalama wa taifa. Mpango wa dola wa kuwapa wanamichezo dawa, uliorasimishwa mwaka 1974, haukugusiwa magazetini humo. Sina haja ya kukaa hapa. Pale ambapo mwandishi hana ruhusa ya kuuliza, kumlaumu kwa kutouliza ni kazi rahisi mno.

Gumu ni pale alipokuwa na ruhusa.

Jan Ullrich alizaliwa Rostock mwaka 1973, akalelewa katika shule za michezo za mashariki, na mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 23, akawa Mjerumani wa kwanza kushinda Tour de France. Siku ya mlima wa Arcalis, Andorra, alimgeukia kiongozi wake Bjarne Riis kama mtoto anayeomba ruhusa, kisha akaondoka, na hakuna aliyeweza kumfuata. Alimaliza Paris akiwa mbele ya Richard Virenque kwa zaidi ya dakika 9. Nchi ambayo miaka 7 tu nyuma ilikuwa mbili, ikapata kijana mmoja wa kumpenda pamoja. Timu yake ilikuwa Telekom, ya kampuni ya simu ya taifa. Mashabiki waliivaa rangi yake, ile ya zambarau iliyokaribia waridi, hadi vijijini.

ARD, shirika la utangazaji la umma ambalo wananchi hulilipia ada, halikuridhika kuitangaza timu hiyo. Liliingia nayo ushirika, na kwa miaka kadhaa nembo ya runinga hiyo ilikuwa kwenye jezi za watu ambao watangazaji wake walitakiwa kuwachunguza. Mwaka 2006 ikajulikana kwamba ARD ilikuwa pia na mkataba binafsi na Ullrich, unaokadiriwa kufika euro 195,000 kwa mwaka, kwa ajili ya mahojiano na kuonekana, na nyongeza akifanya vizuri. Mratibu wa michezo wa shirika hilo, Hagen Boßdorf, ambaye mwenyewe alikuwa mtangazaji wa baiskeli, ndiye aliyeshirikiana na Ullrich kuandika kitabu cha maisha yake, Ganz oder gar nicht, kilichotoka mwaka 2004.

Wapo watakaosema hapakuwa na namna ya kujua. Kwa sehemu ni kweli. Dawa ya zama hizo ilikuwa EPO, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwenye figo ili kuongeza chembe nyekundu za damu. Ukiipata kwa sindano, damu inabeba oksijeni zaidi na mlima unakuwa mfupi. Hadi mwaka 2000 hakukuwa na kipimo kilichokubaliwa cha kuikamata. Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kiliweka mwaka 1997 kikomo tu: chembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu. Maana yake timu zilijua mpaka zimruhusu mtu afike wapi. Mwandishi asiye na maabara angefanya nini?

Angeuliza. Julai 1998 gari la timu ya Festina lilikamatwa mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa likiwa limesheheni dawa, na tangu siku hiyo hakuna mwandishi wa baiskeli duniani aliyeweza kusema hajasikia. Juni 1999 jarida la Der Spiegel lilichapisha tuhuma nzito dhidi ya Telekom yenyewe. Timu ikakanusha vikali. Waandishi walioiandika habari hiyo walikuwa wachache, na wengi wao hawakuwa watu wa baiskeli. Wale wa msafarani, waliokula meza moja na makocha na kulala hoteli moja na madaktari, karibu wote walinyamaza au waliwatetea rafiki zao. Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono. Hapa kipofu alikuwa mtazamaji aliyelipa ada, na walioshika kijiko walijua vizuri ni wapi mkono wake ulipo.

Ukuta ulianguka haraka. Tarehe 30 Juni 2006, siku moja kabla Tour haijaanza Strasbourg, Ullrich aliondolewa kwa sababu ya uchunguzi wa dawa uliofanywa Hispania juu ya daktari Eufemiano Fuentes. Mwezi Mei 2007, ndani ya siku chache, waliokuwa wa Telekom wakakiri mmoja baada ya mwingine: Bert Dietz, Rolf Aldag, Erik Zabel, na Riis. Zabel alilia mbele ya waandishi. Wengi wa waliokuwa ukumbini walikuwa wamemwandika kwa miaka 10 na zaidi. Tarehe 18 Julai mwaka huo huo, mbio zikiendelea, ilijulikana kwamba Patrik Sinkewitz wa timu hiyo, sasa ikiitwa T-Mobile, amekutwa na testosteroni iliyozidi. ARD na shirika jingine la umma, ZDF, zikakata matangazo ya moja kwa moja papo hapo. Kituo cha kibiashara, Sat.1, kikayachukua.

Kuhusu uamuzi huo nimebadili mawazo mara mbili. Kwanza niliona ni ujasiri. Kisha nikaona ni kujitakasa, maana aliyekuwa mdhamini jana hawezi kujifanya hakimu leo kwa kuzima kamera. Sasa nafikiri kosa lilikuwa la ndani zaidi. Mashirika hayo yalijua njia mbili tu: kushangilia na kuondoka. Kubaki pale, kuonyesha mlima, na kusema kwa utulivu ni nini kinachojulikana na nini hakijulikani kuhusu anayeupanda, hilo hakuna aliyekuwa amejizoeza kulifanya. ARD ilirudi kutangaza Tour moja kwa moja mwaka 2015, ikiwa na sauti ya chini zaidi. Ullrich mwenyewe alikuja kukiri waziwazi Novemba 2023, miaka 26 baada ya Arcalis, kwamba alitumia dawa.

Katikati ya machafuko hayo kuna mtu mmoja ambaye njia yake inafika hadi kwetu. Hajo Seppelt, mzaliwa wa Berlin, alikuwa mtangazaji wa kuogelea wa ARD. Alikosoa ndani ya shirika lake namna habari za dawa zilivyokuwa zikishughulikiwa, na mwaka 2006 akapoteza nafasi yake ya utangazaji. Mwaka uliofuata, baada ya aibu ya Telekom, shirika lilelile likaunda kitengo cha kuchunguza dawa michezoni, na yeye akawa uso wake. Filamu yake ya Desemba 2014 kuhusu mpango wa dawa wa Urusi ilitikisa Olimpiki. Ile ya Agosti 2015 iliingia Kenya, kwenye riadha, na yaliyotangazwa humo yaliwachoma wengi Nairobi na Eldoret. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizo na kuunda shirika la ADAK. Mahojiano ya kitengo chake na mtelezaji wa theluji wa Austria, Johannes Dürr, mwaka 2019, yaliwapeleka polisi kwa daktari mmoja wa Erfurt aliyekuwa akiwaongezea damu wanamichezo, wakiwamo waendesha baiskeli.

Wapo Wakenya waliomwona Seppelt kama Mzungu aliyekuja kuchafua jina la wakimbiaji wetu. Naelewa uchungu huo, lakini nadhani unaelekezwa kusiko. Mtu huyu alikuwa amewageukia wenzake wa nyumbani kwanza, na alilipa. Lawama, kama ipo, ni kwamba sisi wenyewe, wenye lugha ya wakimbiaji hao na tunaojua njia za Iten, tulimwachia mgeni aulize.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na Tadej Pogačar akashinda mbio za wanaume kwenye vilima vile vinavyowakata pumzi hata madereva wa malori. Kigali kuna Kiswahili. Lakini anayetaka kuandika mbio za baiskeli kwa Kiswahili anagundua haraka kwamba maneno bado hayajakaa. Kundi kubwa linalokwenda pamoja mimi naliita msafara. Anayejitoa kuwakimbia wenzake naona tuseme amechomoka. Yule anayemkatia kiongozi wake upepo siku nzima na kumaliza wa 90, ambaye bila yeye hakuna ushindi, bado hatujampa jina. Budzinski na wenzake walilazimika kuyatunga ya kwao kwa Kijerumani, makala baada ya makala, kwenye gazeti la kila siku.

Upande wa magharibi wa Köln, Müngersdorf, kuna eneo kubwa la michezo lenye miti mirefu. Chuo cha michezo kiko hapo, na maktaba yake ndiyo inayoutunza mkusanyo wa Budzinski, masanduku ya karatasi za mtu aliyetaka pasiwe na jina hata moja litakalopotea. Katika eneo hilo hilo upo uwanja wa mbio za baiskeli wa njia ya mbao. Vijana wa klabu hufanya mazoezi humo, na makocha husimama katikati na saa zao mkononi. Jina la uwanja limeandikwa kwa herufi kubwa: Albert-Richter-Bahn.